Kuipima Faida ya Shule za Watoto Wadogo



Vyama vya msingi huombwa kutenga fedha kwa ajili ya shule za chekechea. Mkutano mkuu ukifika, mwanachama huuliza fedha hizo zimeleta nini, naye katibu hutaja idadi ya watoto na mabati yaliyoezekwa. Huko ni kuhesabu magunia bila kuyapandisha mizanini.

Mizani ipo. Mwaka 1962, katika mji wa Ypsilanti, jimbo la Michigan nchini Marekani, David Weikart na wenzake walianza kuwafuatilia watoto 123 wa familia maskini za watu weusi. Kwa sehemu kubwa waligawanywa kwa bahati nasibu: 58 waliingia chekechea, 65 hawakuingia. Hao 65 ndio waliokuwa jiwe la mizani. Bila wao, hata maendeleo yanayoletwa na umri tu yangeandikwa kuwa faida ya shule.

Mwanzoni alama za akili zilipanda. Baada ya miaka michache ya shule ya msingi tofauti ikatoweka. Hesabu zingefungwa hapo, ingeonekana hasara tupu. Lakini hazikufungwa. Walipofikia umri wa miaka 40, asilimia 77 ya waliopitia chekechea walikuwa wamemaliza sekondari, na wenzao asilimia 60. Waliokwisha kukamatwa na polisi mara tano au zaidi walikuwa asilimia 36, na wenzao asilimia 55.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba kila chekechea ni ya Ypsilanti. Kule mwalimu alikuwa na watoto wachache, na kila wiki alimtembelea mama nyumbani. Katika jimbo la Tennessee, ambako serikali ya jimbo iligharimia chekechea na nafasi zikapigiwa kura, utafiti wa watoto 2,990 uliotolewa mwaka 2022 ulionyesha kuwa, kufikia darasa la sita, waliopata nafasi walikuwa na alama za chini kuliko waliokosa.

Chama chenye maombi mengi kuliko nafasi kinaweza kupiga kura vivyo hivyo, jambo ambalo pia lina haki zaidi kuliko nafasi kuishia kwa jamaa za wanakamati. Kisha katibu ayaandike majina ya waliokosa katika daftari lile lile la waliopata, na daftari hilo likabidhiwe kwa kila katibu ajaye. Gharama yake ni wino. Ugumu wake ni kwamba mzazi aliyekosa nafasi haoni sababu ya kuja kuulizwa habari za mwanawe miaka kumi baadaye. Itabidi afuatwe nyumbani.