TOVUTI NI MALI YA CHAMA

Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Mkoa wa Singida



Kila katibu anaujua msemo usemao: mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huo ulikusudiwa vitabu vya hesabu, lakini unafaa pia kwa chombo ambacho vyama vingi sasa vinakitamani, yaani tovuti. Tovuti ni kurasa za chama katika intaneti, zinazoweza kusomwa saa yo yote na mwanachama aliye Kiomboi, au mnunuzi wa alizeti aliye Dar es Salaam. Kuianzisha hakuna budi kufikiriwa kwa uzito ule ule wa kununua mizani au kujenga ghala.

Kanuni ya tano ya ushirika, katika Tamko la Muungano wa Kimataifa wa Vyama vya Ushirika la mwaka 1995, inahusu elimu, mafunzo na habari. Tovuti ni njia mojawapo ya kuitimiza. Hata hivyo, isichanganywe na MUVU, mfumo wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika wa kusimamia vyama. MUVU ni wajibu wa chama kwa msimamizi wake. Tovuti ni mazungumzo ya chama na wanachama pamoja na wanunuzi.

Jambo la kwanza ni shabaha. Kabla ya kumwita fundi, Bodi ijiulize tovuti inamhudumia nani. Mkulima wa dengu au choroko hutaka kujua siku ya mnada, ghala la kupelekea mazao, bei iliyofikiwa na siku ya malipo. Mnunuzi hutaka kujua aina ya zao, kiasi kilichopo na namna ya kuipata ofisi. Kurasa tano zenye majibu hayo zinatosha. Hotuba ndefu na picha za viongozi hazimfaidii mkulima kitu.

Jambo la pili ni umiliki, na hapa ndipo vyama huumia. Aghalabu hutafutwa kijana mwenye ujuzi wa kompyuta, naye kwa nia njema husajili anwani ya tovuti kwa jina lake na barua pepe yake. Baada ya mwaka kijana hupata kazi mji mwingine. Nywila hazijulikani, ada hailipwi, na anwani iliyochapwa katika barua zote za chama huzimika, au huchukuliwa na mtu mwingine. Chama kimepoteza jina lake bila kuibiwa.

Kinga yake si ngumu. Anwani isajiliwe kwa jina la chama na kwa barua pepe ya ofisi. Anwani za Tanzania huishia na tz: mashirika yasiyo ya kibiashara hutumia or.tz, na biashara co.tz. Ipo pia coop, iliyoanza kutumika mwaka 2002 kwa ajili ya vyama vya ushirika duniani. Mkataba na fundi useme wazi kwamba maandishi, picha na programu iliyotengenezwa ni mali ya chama. Nywila ziandikwe, zitiwe katika bahasha iliyofungwa na kuwekwa ndani ya sefu, na zikabidhiwe kwa maandishi kiongozi anapobadilika, kama zinavyokabidhiwa funguo za ghala. Nakala ya akiba ya tovuti ichukuliwe kila mwezi na kutunzwa mahali pengine.

Jambo la tatu ni fedha. Gharama ya kutengeneza tovuti hulipwa mara moja, lakini ada ya anwani na ya kuhifadhi kurasa huja kila mwaka. Ada hizo ziingizwe katika makisio yanayopitishwa na Mkutano Mkuu. Msaada wa mfadhili unaokwisha baada ya mwaka mmoja si mpango.

Jambo la nne ni utunzaji. Ateuliwe mtumishi mmoja wa kuandika na kiongozi mmoja wa kuidhinisha, na kila tangazo liwe na tarehe. Bei iliyopitwa na wakati ni mbaya kuliko kimya. Mkulima aweza kukodi gari kwa bei aliyoisoma, akafika na kukuta nyingine. Gharama ya gari ni yake, na aibu ni ya chama. Baada ya biashara ya mazao kufunguliwa kwa wafanyabiashara binafsi katika miaka ya 1990, vyama vingi nchini vilielemewa na madeni, na wakulima waliokopwa mazao yao hawakusahau upesi. Imani iliyojengwa upya kwa taabu isivunjwe na tangazo la uzembe.

Jambo la tano ni siri za wanachama. Mkutano Mkuu una haki ya kujua hesabu, lakini orodha ya wadaiwa, namba za simu na akaunti za watu si za kutangazwa kwa ulimwengu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inavihusu vyama pia.

Jambo la sita ni majaribio na uzinduzi. Wanachama kumi, wazee kwa vijana, wapewe simu na kuombwa waitafute bei ya alizeti bila kusaidiwa. Wakishindwa, kosa ni la tovuti. Lugha iwe Kiswahili, na picha ziwe nyepesi, kwa kuwa wengi hununua bando dogo na mtandao vijijini ni hafifu. Tovuti ifunguliwe kabla ya mavuno, ili makosa yarekebishwe kabla ya msimu wa mauzo. Anwani kamili itangazwe mkutanoni, pamoja na onyo kwamba chama hakitamwuliza mwanachama ye yote namba yake ya siri ya simu wala ya benki.

Yafaa ikumbukwe kwamba si kila mwanachama ana simu janja. Kila tangazo la tovuti libandikwe pia katika ubao wa ofisi na ghalani, na lisomwe mkutanoni. Tovuti inayomwacha nyuma mwanachama mmoja imekiuka usawa ambao ushirika umejengwa juu yake.

Ndugu Wanachama, chama chenye tovuti, au kinachokusudia kuwa nayo, kiulizwe maswali matatu katika Mkutano Mkuu ujao. Anwani imesajiliwa kwa jina la nani? Nywila ziko wapi? Mara ya mwisho kurasa ziliandikwa lini? Majibu yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano.