Utii Unaozaa Amani: Somo la Mwenye Heri Floribert Bwana Chui kwa Wakristo wa Rutshuru

 

Utangulizi

Kwetu neno "utii" limechakaa. Tumetii bunduki, tumetii barieri, tumemtii kila aliyekuja na sauti kali, na amani haikuja. Tulirudishe basi kwenye Injili. Katika Yohana sura ya 14, aya ya 15, Yesu anaunganisha kumpenda na kushika amri zake. Katika aya ya 27 anawaachia wanafunzi amani yake. Upendo, utii na amani vinakaa nyumba moja. Utii wa woga humtuliza mwenye nguvu. Utii wa upendo humlinda jirani.

Shahidi wa kwetu

Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma mwaka 1981. Alikuwa mwanajumuiya wa Sant'Egidio na rafiki wa watoto wa barabarani. Katika OCC, ofisi ya serikali ya kukagua bidhaa, kazi yake ilikuwa kuchunguza vyakula vinavyovuka mpaka. Ulipofika mchele ulioharibika, alipewa pesa ili aupitishe. Akakataa. Julai 2007 alitekwa nyara na kuuawa, akiwa na miaka 26. Juni 15, 2025, huko Roma, Kanisa lilimtangaza Mwenye Heri, chini ya miezi mitano baada ya vita kuingia Goma.

Mfikirieni mama wa Goma jioni moja ya siku zile za Floribert. Anapepeta mchele kwenye ungo, anachota konzi moja, ananusa, anamimina sufuriani. Watoto wamekaa kando ya mbabula wanangoja. Mama huyo hamjui Floribert, wala Floribert hakumjua yeye. Lakini wanawe wamekula wakalala salama kwa sababu kijana mmoja alikataa pesa. Huo ndio utii wa upendo.

Utii wetu wa kila siku

Floribert alitii akiwa kazini, mbele ya magunia. Nasi tutatii palepale tunapotafutia riziki. Muuza maharage wa Kiwanja asiyebonyeza kitako cha kopo la kupimia, anatii. Mzee anayekataa kuhongwa katika kesi ya shamba, anatii. Kijana anayekataa kumwita jirani adui kwa ajili ya kabila lake, anatii.

Utii huu haukumpa Floribert usalama. Ulimpa moyo usio na deni. Na pale jirani anapoweza kula chakula chako bila hofu, amani imeshaanza, hata kabla bunduki hazijanyamaza.

Hitimisho

Mkirudi kwenye mashirika yenu, kila mmoja ajiulize: wiki hii, ni jambo gani napaswa kulikataa kwa kumpenda jirani yangu? Jibu lisibaki mdomoni. Kesho soko linafunguliwa, tukaanzie hapo.