Chachu ya Sufuria Iliyosahauliwa

(Maelezo yaliyosomwa kwa niaba ya wanakikundi siku ya sherehe ya kutimiza miaka 10)



Tumepewa dakika chache tueleze habari ya mikate mliyoikuta mezani. Baadhi yenu mmeuliza kwa nini ina ukali kidogo, na kwa nini kikundi cha kuweka na kukopa kijisifu kwa mikate. Basi habari yenyewe inaanzia kwenye mkopo.

Mwaka 2017 mwenzetu mmoja, mwanahisa tangu siku ya kwanza, alikopa kwetu akaenda Muscat, Oman, kufanya kazi za ndani. Huko mambo hayakuwa kama alivyoahidiwa. Pasi yake ilikaa kabatini kwa mwenye nyumba, siku ya mapumziko haikuwapo, na miezi ilipita bila mshahara. Marejesho yakakatika, na sanduku letu la kufuli tatu likabaki na pengo. Hatuwafichi: mikutano kadhaa tulinuniana, na walikuwapo waliotaka mbuzi wa mama yake wakamatwe.

Sasa, joto la Muscat wakati wa kiangazi hupita nyuzi 40. Siku moja alijipikia uji wa mtama, unga ambao huko hupatikana katika maduka ya Wahindi. Kabla hajaunywa akaitwa kazini, akausahau nyuma ya mlango wa jiko. Kesho yake usiku akakuta umechachuka na unatoa mapovu. Harufu ilikuwa ya togwa. Anasema alikaa chini akalia, maana tangu aondoke Chemba hakuwa amenusa harufu ile.

Hakuumwaga. Kimea cha kutengenezea togwa hakuwa nacho, ila unga wa ngano ulikuwapo tele. Akachota kijiko cha ule uji, akachanganya na unga na maji, akafunika kwa kitambaa. Kila siku alitupa nusu, akaongeza unga na maji mapya. Siku ya pili povu lilikuwa jingi, na mkate ukatoka mgumu kama tofali. Siku ya tatu povu likapotea, akadhani kimekufa. Ilipofika siku ya sita, mchanganyiko ukapanda hadi mara mbili kwa saa chache. Mkate wa siku hiyo uliumuka bila hamira ya dukani. Bibi mzee wa nyumba ile, mzaliwa wa Unguja, aliuonja akamwambia kuwa utotoni kwao vitumbua viliumuliwa kwa tembo la mnazi.

Tuseme kidogo kwa nini ilichukua siku hizo. Povu la mwanzo mara nyingi si la hamira. Ni vijidudu vya kila namna vinavyogombania chakula. Vile vinavyotia ukali vikishashinda, vingi vya vingine hufa, na hamira ya asili inayovumilia ukali hubaki ikiongezeka taratibu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, na wenzao wa Norway waliichunguza togwa, na mwaka 2003 wakaandika kwamba ndani yake vinaishi pamoja vijidudu vya ukali na hamira, ikiwemo aina ileile inayoumua mikate. Bibi zetu hawakuwa na darubini, lakini togwa ya jana waliiweka akiba ya kuanzishia ya leo.

Mwenzetu alirudi mwaka 2019. Mshahara wake hakuupata wote. Alikuja na begi moja, na katika pindo la kanga amefunga magamba makavu: chachu aliyoipaka nyembamba, akaikausha kivulini, akaivunjavunja. Alipotuambia kuwa ndiyo atakayolipia deni, jamani, tulicheka.

Halafu tukakataa. Na hapa tunaomba mtuelewe. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika wilaya hii ya Chemba, na Kondoa, na Kiteto kule Manyara. Waliougua walikuwa 68, wakafa 20. Chanzo kilikuwa mahindi yenye ukungu. Aliyezika jirani mwaka ule, ukimwambia kuna chakula kilichoharibika kinachofaa kuliwa, hawezi kukusikiliza.

Tulibishana hadi jioni tukakubaliana hivi, na ndivyo tunavyofanya hadi leo. Chachu ikiwa na povu na ukali wa togwa, inatunzwa. Ikiota manyoya, au ikipata rangi ya kijani, nyeusi au ya waridi, inamwagwa pamoja na kilichomo chote, hakuna kukwangua juu. Na unga ulioanza na ukungu hauokolewi na chachu. Sumukuvu haimalizwi kwa kuchachua wala kwa kupika. Kwa hiyo mahindi yetu tunayaanika juu ya turubai, siyo chini, na yanakauka barabara kabla ya kuingia gunia.

Deni lilikwisha Machi 2021, kwa mikate na maandazi ya siku za mnada. Kukanda ni jioni na kuoka ni alfajiri, kwa sababu chachu hii haina haraka ya hamira ya dukani. Siku za baridi za Juni na Julai hutuchelewesha, na wateja hulalamika.

Ubishi mmoja umebaki. Yeye anasema hii ni chachu ya Muscat. Sisi tunasema imelishwa unga wa hapa miaka mitano, imeshakuwa mwenyeji wa Chemba, ilipe kiingilio kama sisi.

Beseni lipo kwa mweka hazina. Anayetaka mbegu aje na kikopo kabla ya saa kumi, na mfuniko asiukaze, maana njiani itafura.