Safu Kwanza, Maana Baadaye: Kumfundisha Mtoto Namba Tasa na Zisizo Tasa

Walimu wenzangu, somo la namba tasa huanza mara nyingi kwa sentensi ya kukariri: namba tasa ni ile inayogawanyika kwa moja na kwa yenyewe tu. Mtoto huikariri vizuri, kisha akiulizwa kuhusu 9 hujibu bila kusita kuwa ni tasa. Kosa hilo lina chanzo chake. Mifano anayoonyeshwa, 3, 5, 7, 11 na 13, yote ni witiri, naye huuchukua uwitiri kuwa ndiyo alama. Kumbe kati ya witiri 50 zilizopo kuanzia 1 hadi 100, tasa ni 24 tu. Ya 25 ni 2, nayo ni shufwa. Hoja yangu ni kwamba mtoto aanze kwa kupanga vitu, na maana ije baadaye kukipa jina alichokwisha kukiona.

Mpe vizibo 12 vya soda avipange katika safu zilizo sawa. Atapata safu mbili za sita sita, au tatu za nne nne. Mpe 9, atapata tatu za tatu tatu. Mpe 7: akijaribu safu mbili, kimoja kinabaki, akijaribu tatu, kimoja kinabaki tena, mwishowe vyote hulala katika mstari mmoja. Hapo neno tasa hujieleza lenyewe, maana 7 imegoma kuzaa safu.

Njia hii hutatua pia utata wa 1. Kwa sentensi ile ya kukariri, 1 nayo hugawanyika kwa moja na kwa yenyewe, hivyo mtoto anayeiita tasa hajakosea kusoma. Tuseme badala yake kwamba namba tasa ina vigawo viwili tu. Kwa kuwa 1 ina kigawo kimoja, haimo katika kundi la tasa, wala katika lile la namba zenye vigawo zaidi ya viwili. Faida yake ni kubwa: 12 huvunjika kuwa 2×2×3 basi, ilhali tukiihesabu 1 kuwa tasa tungeongeza 1 mbele bila kikomo.

Wapo watakaosema kwamba darasa lina watoto wengi, muda ni mfupi, na hakuna atakayepanga vizibo 91. Ni kweli, na ndiyo maana vizibo viishie 20, kwa vikundi. Baada ya hapo lije chekecheke la Eratosthenes, Myunani aliyefanya kazi Alexandria, Misri, zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Andika 1 hadi 100, kata 1, kisha kata vigawe vya 2, 3, 5 na 7, ukiziacha zenyewe. Hakuna haja ya kuendelea, kwa kuwa 11×11 ni 121. Hapo 91 hukatwa na 7, kwani ni 7×13. Muda uliotumika hurudi mtoto afikapo kwenye kigawo kikubwa cha shirika (KKS) na kigawe kidogo cha shirika (KDS). Basi tunapompima, tusimuulize tu kama 51 ni tasa. Tumwambie aonyeshe safu zake.