Deni Letu kwa Mlinzi Mzee

Hotuba ya afisa mifugo mstaafu, jirani wa hekalu, iliyotolewa ukumbini wakati wa maadhimisho na kuchapishwa hapa kwa ombi la Halmashauri.

  

Nawashukuru wenyeji wetu kwa heshima hii. Nimeombwa nizungumze juu ya Simba, yule mbwa mzee ambaye wengi wenu mlimfahamu. Nimesikia pia kwamba wako waliouliza kwa nini shughuli adhimu kama hii itoe nafasi kwa habari za mbwa. Swali hilo ni halali, nami nitajitahidi kulijibu.

Wenyeji wetu wanaijua vyema hadithi ya Yudhishthira iliyomo katika kitabu cha kumi na saba cha Mahabharata. Kwa faida ya sisi majirani, nitaieleza kwa ufupi. Mfalme huyo, nduguze wanne na mke wao Draupadi waliuacha ufalme wakaelekea milima ya Himalaya, na mbwa mmoja akawafuata. Njiani walianguka mmoja baada ya mwingine, hata akabaki Yudhishthira na mbwa wake. Ndipo Indra alipokuja na gari lake kumchukua mfalme mbinguni, akamwambia kwamba huko mbwa hana nafasi. Yudhishthira akakataa kupanda. Hakutoa hoja kwamba mbwa yule ni mzuri au ana manufaa. Alisema tu kwamba kumtupa aliyekutegemea na kukuandama kwa uaminifu ni dhambi kubwa. Hapo mbwa akajidhihirisha kuwa ndiye Dharma mwenyewe.

Ndugu zangu Waislamu nao wanayo hadithi mashuhuri ya mtu aliyemkuta mbwa akilamba udongo kwa kiu, akashuka kisimani, akajaza maji katika kiatu chake na kumnywesha, na Mwenyezi Mungu akamsamehe dhambi zake. Basi katika jambo hili hapana mgeni ukumbini humu.

Simba alikuwa mlinzi wa nyumba moja ya barabara ya nyuma. Mwenye nyumba alihama, nyumba ikafungwa, naye mbwa akaachwa amefungwa mnyororo chini ya mwarobaini kwa ahadi kwamba atakuwepo mtu wa kumletea chakula. Ahadi ilidumu majuma machache. Sitamtaja mwenye nyumba, wala hapana haja ya kumtafuta. Nataka tutazame lile lililotokea, kwa kuwa linaweza kutokea katika nyumba yoyote yenye geti.

Tulipoitwa na mlinzi wa jirani, ambaye kwa miezi kadhaa alikuwa akimrushia makombo kupitia uani, Simba alikuwa na umri wa yapata miaka kumi na mmoja. Mbavu zake zilihesabika kwa macho. Masikio yalijaa kupe, manyoya yalikuwa yamenyonyoka kwa ukurutu, kucha zilikuwa ndefu hata zikapinda, na ukanda wa shingoni ulikuwa umezama katika nyama, kidonda kikiwa na funza. Alikuwa akibweka usiku kucha, akimwonyesha meno kila aliyesogea.

Mtaa uligawanyika. Wapo waliotaka halmashauri ya manispaa iletwe impige risasi, kwa kuhofia kichaa cha mbwa. Wengine, kwa huruma, walitaka afunguliwe papo hapo na kupewa sinia la nyama. Makundi yote mawili yalikuwa na nia njema, na kila moja lingeweza kumuua.

Tuanze na huruma ya sinia la nyama. Mwili uliokaa na njaa kwa muda mrefu hujifunza kuishi kwa kidogo. Ukijazwa ghafla, chumvichumvi za damuni hushuka upesi, na moyo unaweza kusimama siku chache baada ya karamu. Kwa hiyo siku za kwanza Simba alipewa kiasi cha robo tu ya chakula alichohitaji, kikigawanywa katika milo midogo minne au mitano, kisha tukaongeza siku hata siku. Maji nayo aliletewa kidogo kidogo, mara nyingi.

Hapa sina budi kulishukuru jiko la hekalu. Jiko hili halitii vitunguu maji wala vitunguu saumu, vitu ambavyo huharibu damu ya mbwa. Akina mama walikuwa wakitenga wali laini na dengu kabla ya kutia chumvi na pilipili, pamoja na mtindi kidogo. Kwa kuwa nyama na samaki haviingii humu, mimi nilipika dagaa nyumbani kwangu na kumpelekea kwa bakuli lake. Meno yake mengi yalikuwa yameoza, basi kila kitu kilipondwa. Mifupa iliyopikwa hakupewa kamwe, maana hupasuka vipande vikali vinavyotoboa utumbo.

Siku ya tatu, alipokuwa ametulia kidogo, daktari wa mifugo alimpa dawa ya usingizi, akaukata ule ukanda, akasafisha kidonda na kumtibu kupe na ukurutu. Chanjo ya kichaa cha mbwa aliipata baadaye, mwili ulipopata nguvu. Kucha tulizikata kidogo kidogo kwa majuma mengi, kwa sababu ukucha ukirefuka, mshipa ulio ndani hurefuka nao, na ukikata kwa pupa damu humwagika. Kwa maumivu ya viungo alipewa dawa aliyoandikiwa yeye. Nasisitiza jambo hili: msimpe mbwa parasetamoli, diklofenaki wala dawa nyingine ya maumivu iliyonunuliwa kwa ajili ya binadamu. Wengi wamekufa hivyo mikononi mwa waliowapenda.

Sasa niseme juu ya woga, kwa kuwa kidonda cha woga hakina dawa ya chupa. Mbwa aliyefungwa mnyororo hana pa kukimbilia. Akiogopa hubakiwa na meno tu. Hatukumwendea uso kwa uso, wala kumkazia macho, wala kumshika kichwa. Mlinzi yule yule wa jirani ndiye aliyepewa kazi ya kukaa naye. Kila jioni alikaa ubavu upande, hatua kadhaa kutoka kwake, akisoma gazeti lake bila kumsemesha. Juma la pili, Simba alilala bila kuondoa macho kwake. Juma la nne, aliinuka, akamnusa viatu, akarudi mahali pake. Mwezi wa tatu alimwegemeza kichwa gotini. Yule bwana aliniambia kwamba hakuthubutu kufungua ukurasa mwingine, asije akamshtua.

Ilipobainika kwamba Simba hasikii vizuri, tuliwafundisha watoto wasimguse akiwa amelala, bali wagonge ardhi kwa mguu ili auhisi mtikisiko na kuamka mwenyewe. Mzee yeyote huamka vibaya akishtuliwa.

Nisiifiche shida iliyotukabili. Njia ya kwenda msikitini hupita mbele ya geti alimohamishiwa Simba, na jirani zetu wanaofuata madhehebu ya Shafii hulazimika kuosha mara saba, mojawapo kwa udongo, kitu kilichoguswa na ute wa mbwa. Mzee mmoja alikuja kutueleza jambo hilo kwa upole mkubwa. Tulikubaliana kwamba nyakati za sala Simba akae uani nyuma ya wavu, na bomba la maji liwekwe karibu na geti. Baada ya hapo ni mzee huyo huyo aliyekuwa akiuliza kila Ijumaa kama mbwa amekula. Ujirani ni huko: kila mmoja kushika lake bila kumtupa wa mwenzake.

Ama kuhusu waliotaka apigwe risasi, hofu yao si upuuzi. Karibu visa vyote vya kichaa cha mbwa kwa binadamu hutokana na kuumwa na mbwa, na dalili zikishajitokeza, mgonjwa haponi. Lakini kinga yake ni chanjo. Pale ambapo asilimia 70 ya mbwa wamechanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Ukiumwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Mbwa mzee aliyechanjwa, aliyekaa mahali pamoja, ni ngao ya mtaa kuliko nafasi tupu itakayojazwa na mbwa wasiojulikana.

Simba aliishi nasi mwaka mmoja na miezi minne. Alipofika mwisho hakuweza tena kusimama, na daktari alimlaza kwa dawa, kichwa chake kikiwa juu ya lile gazeti. Wako walionihesabia gharama: dawa, chakula na saa za watu, yote hayo kwa miezi kumi na sita ya mnyama asiyeweza tena kulinda chochote.

Jibu langu ndilo hili. Kwa miaka kumi Simba alikesha ili wengine walale. Ujira wake ulikuwa makombo na mnyororo. Hatukumpa sadaka, tulimlipia mtu mwingine deni lililochelewa. Na mtaa unaowatupa watumishi wake wanapozeeka huwafundisha watoto wake namna ya kuwatupa wazee wao.

Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inatambua kwamba mnyama hapaswi kuachwa katika njaa, kiu, maumivu na hofu. Lakini sheria haiingii kila ua. Kwa hiyo nina maombi matatu. Kwanza, anayehama ahame na mbwa wake, au amkabidhi kwa mtu mbele ya mashahidi. Pili, kila mbwa wa mtaa huu achanjwe kila mwaka. Tatu, ukimwona mbwa mzee aliyetelekezwa, usimfungue peke yako wala usimrushie nyama. Mwekee maji, kisha mwite daktari wa mifugo.

 Hekalu hili lidumu, na geti lake liendelee kuwa wazi kwa jirani.