Nyumba Njema Si Mlango: Habari za Nyumba za Baraza katika Mji wa Stockton

Wasikilizaji wetu, wahenga walisema: Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Jioni hii twakusudia kuwaeleza habari ya mji mmoja wa Uingereza ambako methali hii ilithibitika kwa hesabu, tena hesabu yenyewe ilikuwa ya vifo. Mji huo ni Stockton-on-Tees, ulioko upande wa kaskazini-mashariki ya nchi ile, kando ya mto Tees, si mbali na Bahari ya Kaskazini.

Stockton una sifa yake tangu zamani. Mwaka wa 1825 ilifunguliwa njia ya reli kati yake na mji wa Darlington, nayo ndiyo reli ya kwanza ya watu wote iliyotumia magari ya moshi. Mwaka wa 1827 muuza dawa mmoja wa mji huo, jina lake John Walker, alianza kuuza viberiti vya kuwashwa kwa kukwaruzwa. Baadaye vikaja viwanda vya chuma na vya kuunda merikebu, na watu wakamiminika kutafuta kazi. Nyumba zao zilisongamana karibu na mto, zenye giza na unyevu, na jamaa nzima walikaa katika chumba kimoja au viwili. Mitaa ya namna hiyo ilikuwako karibu katika kila mji wa viwanda wa Uingereza.

Katika zamani zile kujenga nyumba za watu wa kazi hakukuhesabiwa kuwa kazi ya serikali. Mwenye mali alijenga, akapangisha, akatwaa kodi yake. Sheria ya mwaka wa 1890 iliyapa mabaraza ya miji uwezo wa kubomoa mitaa mibovu na kujenga mipya, lakini machache tu yalifanya hivyo. Mambo yaligeuka baada ya vita vya 1914 hata 1918. Askari walirudi makwao wakaona nyumba hazitoshi. Mwaka wa 1918 kamati ya Sir John Tudor Walters ilishauri kwamba nyumba mpya za mjini zisizidi 12 katika eka moja, na kila moja iwe na mahali pa kuogea. Mwaka wa 1919 ikatoka sheria iliyoletwa na Dk. Christopher Addison, ambaye mwenyewe alikuwa tabibu. Sheria hiyo ilililazimisha kila baraza kupima upungufu wa nyumba katika mji wake na kujenga, na hazina ya serikali ikasaidia gharama.

Basi, baraza la Stockton nalo lilishika kazi. Mwaka wa 1927 liliamua kubomoa sehemu ya mitaa yake mibovu, mahali palipoitwa Housewife Lane. Jamaa 152, jumla yao watu 710, walihamishwa wakapewa nyumba mpya za baraza katika mtaa wa Mount Pleasant. Mtaa mwingine mbovu, ulioitwa Riverside, haukuguswa wakati ule; humo walibaki jamaa 289, yaani watu 1,298, wakikaa kama walivyokaa zamani.

Fikirini furaha ya wale waliohama. Kila nyumba mpya ilikuwa ya jamaa moja. Ilikuwa na bafu, na jiko la chuma, na mahali pa kuweka chakula penye kupitisha hewa, na mifereji mizuri ya maji machafu. Ye yote aliyepita njiani akitazama angesema: Hakika watu hawa wametolewa gizani, sasa watoto wao watanenepa.

Daktari wa Afya wa mji huo aliitwa George M'Gonigle. Yeye naye alitumaini hivyo, lakini hakuridhika na kutumaini tu. Alikuwa na desturi ya kuhesabu. Alitwaa daftari za vifo, akalinganisha miaka mitano kabla ya kuhama na miaka mitano baada ya kuhama, akisawazisha hesabu kwa kadiri ya umri wa watu. Tafadhali zishikeni hesabu hizi. Walipokaa Housewife Lane, katika kila watu 1,000 walikufa kwa mwaka kadiri ya watu 23. Walipokaa Mount Pleasant, katika nyumba safi zenye bafu, walikufa zaidi ya 33. Na katika Riverside, mtaa ule mbovu ulioachwa, vifo havikuzidi, vilipungua.

Mtauliza: Jambo hili lawezekanaje? Daktari naye alijiuliza. Je, ni maradhi ya kuambukiza yaliyoingia Mount Pleasant peke yake? Alichungua, hakuona. Je, ni ubovu wa nyumba, au wa mifereji? Nyumba zilikuwa imara na mifereji ilikuwa salama. Akaondoa sababu moja baada ya moja, mpaka akafika mahali ambapo maofisa wa afya hawakuzoea kuchungulia, yaani mkoba wa mama wa nyumbani.

Aliwaomba jamaa wamwandikie hesabu ya fedha walizopata na walizotumia. Hapo siri ikafunuka. Katika nyumba za zamani kodi ilikuwa chini ya shilingi 5 kwa juma. Katika nyumba mpya ilikuwa kadiri ya shilingi 9. Shilingi hizo ni za Kiingereza za wakati ule, 20 kwa pauni moja. Kwa mtu mwenye mshahara mwema tofauti hiyo haikuwa kubwa. Lakini ilikuwa miaka ya dhiki. Viwanda vya chuma na vya merikebu vilipungukiwa na kazi, na wengi katika Mount Pleasant waliishi kwa posho ya wasio na kazi. Posho haikuongezeka kwa kuwa mtu amehamia nyumba bora.

Sasa tufanye hesabu kama alivyoifanya mama yule. Kodi lazima ilipwe kila juma, kwani asiyelipa huondoshwa. Makaa lazima yanunuliwe, kwani baridi ya kule haina huruma. Nguo zimekwisha kupunguzwa. Kilichobaki cha kupunguza ni chakula. Maziwa yalipungua, nyama ikapungua, mboga na matunda yakapungua. Mkate na viazi vikajaza tumbo bila kuutia mwili nguvu. Mwenye kodi hangoji, bali tumbo lingoja, na mwili ukingoja sana huanguka.

Imetupasa kusema haki. Watu 710 si wengi, na wako wataalamu waliouliza kama hesabu ndogo kama hiyo yaweza kuchukua mzigo wa neno kubwa namna hii. Wala M'Gonigle hakusema kwamba mitaa mibovu iachwe isimame. Alisema kwamba nyumba peke yake si dawa. Alieleza uchunguzi wake mbele ya matabibu wenziwe mwaka wa 1933, na mwaka wa 1936 yeye pamoja na mwenziwe Kirby walitoa kitabu juu ya umaskini na afya ya watu, nacho kilizungumzwa sana Uingereza.

Wengine walikuwa wakitafuta njia upande wao. Sheria ya mwaka wa 1930 iliyaruhusu mabaraza kumpunguzia kodi mpangaji maskini. Na mwaka wa 1934 baraza la Leeds liliweka utaratibu wa kodi kulingana na uwezo wa kila jamaa. Mwaka wa 1940, katikati ya vita, serikali ilianza kuwapa mama wajawazito na watoto wachanga maziwa kwa bei nafuu au bure. Mwaka wa 1946 ikaanza kulipwa posho ya watoto. M'Gonigle hakuyaona hayo ya mwisho. Alifariki mwaka wa 1939.

Basi, wasikilizaji wetu, twajifunza nini kwa habari hii? Hatujifunzi kwamba nyumba ya giza ni bora kuliko nyumba ya mwanga. Twajifunza kwamba ajengaye nyumba ya maskini ana hesabu mbili za kufanya. Ya kwanza ni ya matofali, madirisha na mabomba, nayo baraza la Stockton liliifanya vizuri. Ya pili ni kuuliza: Mpangaji akiisha kulipa kodi, atabakiwa na nini cha kutia chunguni? Hesabu hiyo ya pili haionekani kwa mtu apitaye njiani. Aiona yule tu afunguaye mlango akaingia ndani, kama wahenga walivyotuagiza.