Wauguzi wa Dharura: Hotuba ya Karani wa Chama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka



Hoja iliyo mezani ni hii: fedha za akiba zinunue vitanda vya zahanati yetu, ama zilipie mafunzo ya wauguzi wetu wawili? Mimi natetea mafunzo.

Usiku mmoja nilimpeleka mtoto wa ndugu yangu katika hospitali moja. Tukaambiwa tushike foleni. Mbele yetu walikuwako watu wenye mafua na majeraha madogo. Mtoto alikuwa akitweta, kifua kikibonyea kila avutapo pumzi. Hapana aliyetufukuza, ila hapana pia aliyefundishwa kumtambua mwenye kufa katikati ya wanaongoja. Zamu yetu ilipofika, mtoto alikuwa amekwisha kutuacha.

Jambo hili lina dawa. Huko Blantyre, Malawi, katika Hospitali ya Queen Elizabeth, walikuwa wakifa watoto 10 hadi 18 katika kila 100 waliolazwa. Ndipo utaratibu wa mapokezi ukabadilishwa, na wafanyakazi wakafundishwa kumtazama kila mtoto mara afikapo. Je, njia ya pumzi i wazi? Anapumua sawasawa? Mikono i baridi? Ana fahamu? Ana degedege? Amepungukiwa maji mwilini? Mwenye dalili ya hatari hutibiwa papo hapo, na wengine hungoja. Habari zilizotangazwa mwaka 2006 zilionyesha kuwa vifo vilishuka hata 6 hadi 8 katika 100.

Shirika la Afya Ulimwenguni lilitoa kitabu cha mafunzo hayo mwaka 2005, na hapa Kenya wauguzi na madaktari wengi wamekwisha kuyapata. Mwaka 2018, pamoja na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, lilitoa mafunzo mengine kwa wagonjwa wa dharura wa kila umri.

Mzee mmoja ameniuliza, muuguzi atafanya nini pasipo vifaa? Kweli, oksijeni na dawa ni lazima, na tuendelee kuzidai. Lakini kumtambua aliye hatarini, kufungua njia ya pumzi, na kukandamiza jeraha livujalo damu, hayo huanza kwa macho na mikono. Nasi twajua kwamba daktari yuko mbali, na muuguzi ndiye wa kwanza kumpokea mgonjwa.

Naomba pia mafunzo yarudiwe kila mwaka, maana elimu isiyotumika husahauliwa.

Wazee wetu, vitanda tutavinunua mwaka ujao. Kitanda hakimfai aliyefia mlangoni. Uamuzi ni wenu.